Zaburi ya 50 siku ya mavuno: nihubiri nini wakati watu wamekuja na mbuzi?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, mshauri.

Mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa wa kijijini. Mchungaji wetu anahudumia mitaa kadhaa, kwa hiyo mwaka huu mahubiri ya ibada ya mavuno nimepewa mimi, na somo alilonipangia ni Zaburi ya 50. Nimeisoma mara nyingi na bado inanitatiza. Siku hiyo watu wanakuja na mahindi, maharage, viazi, kuku, wengine mbuzi, na baada ya ibada tunafanya mnada pale nje. Sasa nisimame mbele yao nisome kwamba Mungu hatatwaa ng'ombe katika nyumba zao wala mbuzi katika mazizi yao?

Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu matatu. Mwinjilisti wa mtaa wa jirani anasema zaburi hii inafuta sadaka, Mungu anataka moyo tu. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anataka nikazie mstari wa 14, ule wa kumtimizia Aliye Juu nadhiri, kwa kuwa ahadi za bati hazijalipwa. Mwalimu wa kwaya ananishauri nisome mstari wa 15 peke yake ili watu wafarijike, maana hayo mengine ni hukumu ya wasioamini.

Halafu kuna jambo linalonikosesha usingizi. Muumini mmoja, mtoaji mkubwa kuliko wote, hasemezani na mdogo wake wa tumbo moja kwa sababu ya shamba la marehemu baba yao, na maneno anayoyasema juu yake huko vijiweni si mazuri. Mstari wa 20, ule wa kumsengenya ndugu, unamgusa waziwazi. Niseme au ninyamaze? Nina dakika 30. Naomba mwongozo wa kufanyia kazi.

Mzee wa Kanisa, Njombe

JIBU

Amina, mzee wetu. Kabla hujaandika neno lolote la mahubiri, tafuta kwanza ni nani anayeshtakiwa katika zaburi hii, kwa sababu hapo ndipo washauri wako wote watatu walipopotea njia.

Mistari sita ya kwanza ni mahakama inaandaliwa. Mungu anaita dunia kutoka mawio ya jua hadi machweo yake, anaangaza kutoka Sayuni, moto unakula mbele yake na tufani inavuma kumzunguka. Mwisraeli aliyesimama Yerusalemu akisikia moto na tufani alikumbuka Sinai, na huenda alitarajia kwamba safari hii watakaopigwa ni mataifa ya jirani. Mstari wa 4 unamgeuzia: Mungu anaziita mbingu na nchi ili awahukumu watu wake. Mbingu na nchi ni mashahidi wa agano. Musa aliziita katika Kumbukumbu la Torati 32:1, Isaya akaziita katika 1:2, na Mika 6:1-2 anaita milima isikilize mashtaka ya namna hiyohiyo. Mstari wa 5 unamaliza ubishi wote: wanaokusanywa ni wale waliofanya agano na Mungu kwa dhabihu, kama ilivyokuwa katika Kutoka 24:5-8, pale nusu ya damu iliponyunyizwa madhabahuni na nusu juu ya watu.

Kwa hiyo mwalimu wa kwaya mjibu kwa upole kwamba washtakiwa ni watu wa ibada, wenye sadaka zao mikononi. Mwambie pia kwamba zaburi hii inabeba jina la mtu wa kazi yake. Asafu alikuwa Mlawi aliyewekwa na Daudi kuongoza sifa mbele ya sanduku la agano, naye alipiga matoazi (1 Mambo ya Nyakati 16:4-5). Zaburi zenye jina lake ni 12: hii ya 50, na kuanzia 73 hadi 83. Aliyeimbisha watu hekaluni ndiye ambaye jina lake limewekwa juu ya shtaka hili dhidi ya waabudu.

Sasa mwinjilisti. Yeye amesoma mistari ya 9 hadi 13 akaruka wa 8. Katika wa 8 Mungu anasema waziwazi kwamba hawakemei kwa ajili ya dhabihu zao. Sadaka zao za kuteketezwa ziko mbele zake daima. Hilo "daima" lina ratiba yake. Hesabu 28:3-8 inaagiza wana-kondoo wawili wa mwaka mmoja kila siku, mmoja asubuhi na mmoja jioni, na kila mmoja aende na sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, kama lita mbili hivi, uliochanganywa na robo ya hini ya mafuta, karibu lita moja. Hilo lilifanyika. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kupunguza unga wala kwa kuleta kondoo kilema, kama watakavyoshtakiwa watu wa siku za Malaki. Kwa upande wa utaratibu, ibada ilikuwa kamili.

Kosa liko katika wazo lililokaa nyuma ya utaratibu ule, na mstari wa 12 unalitaja: kwamba Mungu ana njaa na sisi ndio tunaomlisha. Wazo hilo lilikuwa la kawaida katika nchi za jirani. Maandiko ya hekalu la Uruk, huko Babeli, yanaeleza jinsi miungu ilivyoandaliwa milo minne kwa siku, miwili ya asubuhi na miwili ya jioni, mikate na bia na nyama, kila mungu kwa kipimo chake. Anayemlisha mungu ana haki ya kumdai. Ndiyo maana Mungu anahesabu mali yake mbele ya watu: kila mnyama wa msituni, makundi ya milima elfu, ndege wote, ulimwengu na vyote vilivyomo. Hapo ujihadhari. Wahubiri wengi huichukua "milima elfu" kama ahadi, kwamba Baba yetu ana ng'ombe wengi basi na wewe utapata wako. Katika zaburi maneno hayo ni kemeo. Mwenye mali yote hawezi kuhongwa kwa mbuzi mmoja aliyetoka katika zizi lake mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo linakuja agizo, na hapa ndipo nataka utumie muda mwingi kuliko mahali pengine pote. Mstari wa 14: umtolee Mungu dhabihu za kushukuru. Watu husikia "shukrani" wakadhani ni hisia ya moyoni iliyochukua nafasi ya mnyama. Dhabihu ya shukrani ilikuwa sadaka kamili yenye sheria zake katika Walawi 7:11-15. Mwenye kuitoa alileta mnyama, na pamoja naye mikate ya aina nne: mikate isiyotiwa chachu iliyoandaliwa kwa mafuta, mikate ya kaki iliyopakwa mafuta, mikate ya unga mwembamba uliolowana na mafuta, na mikate iliyotiwa chachu. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokamilishwa karibu mwaka 200 BK, inatoa hesabu yake: mikate 10 ya kila aina, jumla 40, na kila mmoja wa ile ya chachu ulitumia sehemu nzima ya kumi ya efa. Kuhani alichukua mmoja kwa kila aina. Mwenye sadaka alibaki na mikate 36 na sehemu kubwa ya nyama.

Halafu sheria ikamwekea mpaka: nyama iliwe siku hiyohiyo, isibaki hata asubuhi. Sadaka ya nadhiri au ya hiari ilipewa siku mbili. Hii ya shukrani, siku moja tu. Hebu fikiri, mzee. Mikate 36, tena mingine mikubwa namna ile, pamoja na nyama, na jua linaelekea kuzama. Mtu na mke wake na watoto hawawezi. Wafasiri wa Kiyahudi wa zama za kati waliliona hilo: sheria inamlazimisha mwenye shukrani kuita watu. Ataita ndugu, jirani, maskini aliye karibu, na wakikaa kula watamuuliza, umetendewa nini? Hapo atasimulia. Ndivyo inavyoonekana katika Zaburi ya 22:22-26, ambapo aliyeokolewa analisifu jina la Mungu katikati ya kusanyiko, anatimiza nadhiri zake, na wapole wanakula na kushiba. Zaburi ya 107 inataja makundi manne ya watu wenye habari za kusimulia: waliopotea jangwani, waliofungwa gerezani, waliougua hadi malango ya mauti, na wasafiri wa bahari waliopigwa na dhoruba, na katika mstari wa 22 inawaagiza watoe dhabihu za kushukuru.

Sasa utaona kwa nini Mungu alichagua sadaka hii kuwa dawa. Sadaka ya kuteketezwa ilipanda yote kwa moshi, na mtu mwenye wazo potovu angeweza kuiangalia akasema, leo Mungu amekula kwangu. Katika dhabihu ya shukrani anayekula ni mtoaji na wenzake. Haiwezekani kuitoa huku ukidhani umemlisha Mungu, na ni vigumu sana kuitoa huku umemfungia ndugu yako mlango.

Kuhusu nadhiri, mwenyekiti wa ujenzi ana nusu ya haki. Nadhiri ni neno ambalo mtu amelitoa kwa kinywa chake mwenyewe akiwa taabuni. Zaburi ya 66:13-14 inasema hivyo kabisa. Kumbukumbu la Torati 23:21-23 inakataza kuchelewa kuilipa, na papo hapo inasema kwamba usipoweka nadhiri huna dhambi. Kwa hiyo aliyeahidi bati kwa hiari yake na alipe, na wewe unaweza kulisema kwa sentensi moja. Lakini kiwango alichopangiwa mtu na kamati si nadhiri, na kukisomea mstari wa 14 kama hati ya madai ni kuirudisha zaburi kwenye lile wazo ambalo imelikemea, kwamba nyumba ya Mungu ina njaa na sisi tunailisha. Orodha ya wadaiwa isomwe katika mkutano wa washarika, siku nyingine.

Mstari wa 15 uuhubiri ukiwa mahali pake: kushukuru, kutimiza, kuita siku ya mateso, kuokolewa, kumtukuza. Aliyeokolewa anamtukuza Mungu, na kumtukuza kwenyewe ni ile karamu ya shukrani. Mzunguko unarudi ulikoanzia.

Kuanzia mstari wa 16 sauti inakuwa kali. Wengi hudhani hapa anaingia mtu mwingine, mpagani wa nje. Soma anachofanya: anazitangaza amri za Mungu na kuliweka agano kinywani mwake. Huyo yuko ndani, na pengine ndiye msomaji wa somo. Mashtaka yake yanafuata Amri Kumi, yaani wizi, uzinzi na uongo juu ya mwenzake. Usizitaje kwa namba, kwa sababu Walutheri na Wakatoliki huhesabu uzinzi kuwa amri ya sita, na wengine wengi huuhesabu wa saba. Utapoteza dakika mbili watu wakinong'onezana. Angalia zaidi jinsi mashtaka yalivyopangwa. Hakuambiwa ameiba, ameambiwa alimwona mwizi akawa radhi naye. Na wazinzi, ameshirikiana nao. Kosa la kinywa ndilo lililopewa nafasi kubwa, mistari miwili mizima: kinywa kwa mabaya, ulimi kutunga hila, kukaa na kumsengenya ndugu, kumsingizia mwana wa mama. Katika nyumba za wake wengi za wakati ule, mwana wa mama yako ndiye wa karibu kuliko wote, wa tumbo moja, kama ulivyosema mwenyewe.

Kisha mstari wa 21, ambao ndio moyo wa zaburi: umefanya hayo nami nikanyamaza, ukadhani mimi ni kama wewe. Usiupite haraka. Rudi nao kwenye mstari wa 3, unaosema Mungu atakuja wala hatanyamaza, uonyeshe kwamba kesi nzima imefunguliwa kuvunja ukimya ambao mtu aliutafsiri vibaya. Mwenye hatia aliona hajapigwa na radi, akahesabu kwamba amekubaliwa. Siku ya mavuno hatari hiyo ni kubwa kuliko siku nyingine zote za mwaka. Ghala limejaa, mbuzi wamezaa, na mtu anasema moyoni, kama Mungu angechukizwa na ninavyoishi na ndugu yangu, je, angenipa magunia haya? Mwambie kwamba gunia si hukumu. Mahindi yanastawi hata kwenye shamba linalogombaniwa. Hilo liseme taratibu, mara mbili ukiweza.

Sasa yule muumini. Usimtaje, usimtazame, usitoe mfano wa shamba siku hiyo. Zaburi yenyewe inasema "wewe" bila kutoa jina, na kila msikilizaji anajijaza. Ukimwelekezea kidole ukiwa madhabahuni, macho yote yatamgeukia yeye, na wale thelathini wengine wenye ndugu zao watapona bila kuguswa. Kisha utakuwa umefanya jambo lilelile la mstari wa 20, kumsema ndugu mbele za watu, tena ukiwa umevaa mamlaka ya kanisa.

Kunyamaza nako hapana. Mwendee wiki mbili kabla, wewe peke yako, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza. Usiende Jumamosi ya mwisho, maana Jumapili atajua ulimwandaa. Usibebe zaburi mkononi. Muulize habari za mdogo wake, umsikilize mpaka amalize. Usiwe hakimu wa mipaka. Shamba lina baraza la ardhi la kijiji. Wewe dai jambo moja ambalo halihitaji baraza: aache kumsema vibaya kuanzia leo. Akiwa tayari kwa zaidi, msomee Mathayo 5:23-24, na ujitolee kwenda naye kwa mdogo wake. Sadaka yake usiikatae. Mungu hakumkemea mtu kwa ajili ya dhabihu zake, na mzee wa kanisa asiwe mkali kuliko mstari wa 8.

Tugawe dakika zako. Kwanza zaburi isomwe na watu wawili. Wa kwanza asome mstari wa 1 hadi wa 6, na hapo wanyamaze kidogo, maana katika Kiebrania kuna Sela, neno ambalo wengi hudhani ni alama ya kutua. Wa pili, mwenye sauti tulivu, asome maneno ya Mungu kuanzia wa 7 hadi wa 15. Wa kwanza arudi kwa maneno machache tu ya mwanzo wa mstari wa 16, yale ya kumtambulisha asiye haki, kisha wa pili amalizie. Wasipogawana hivyo, watu hawatajua ni nani anayesema, na mstari wa 16 utapita kama maoni ya Asafu. Wafanye mazoezi Ijumaa.

Katika mahubiri, mistari 1-6 ipe dakika 4 tu. Kosa la kawaida ni mhubiri kunogewa na moto na tufani hadi saa inaisha hajafika kwenye mikate. Mistari 7-15 ipe dakika 12, na sita kati ya hizo ziwe za mstari wa 14. Mistari 16-21 ipe 10. Nne za mwisho ni za 22 na 23, na hapo uonyeshe jambo ambalo mahakama zetu hazina: mashtaka yamesomwa, ushahidi umepangwa mbele ya macho, lakini adhabu haijatamkwa. Kuna onyo la kuraruliwa kama kwa simba, halafu mara moja mlango: atoaye dhabihu za kushukuru humtukuza Mungu, naye aitengenezaye njia yake ataonyeshwa wokovu. Shukrani na mwenendo vimetajwa pamoja katika mstari mmoja, usivitenganishe.

Mnada usiufute, hakuna mstari unaoukataza. Ila ongea na wazee wenzako mambo mawili yafanyike kabla haujaanza. Tengeni sehemu ya vilivyoletwa, mbuzi mmoja au kuku kadhaa na debe la viazi, vipikwe hapohapo, na wajane, wazee na waliokosa mvua mwaka huu waitwe kwa majina kuja kula pamoja na waliovuna. Visibaki vya kupeleka nyumbani. Na watu watatu wasimame, kila mmoja dakika mbili, waseme Mungu amewatendea nini bila kutaja thamani ya walichotoa. Wachague mapema, na mmoja wao awe mtu ambaye shamba lake halikutoa kitu lakini alipona ugonjwa au mtoto wake alirudi salama. Zaburi ya 107 inamtambua huyo. Wakati wa mnada, kuku akinunuliwa, akarudishwa na kunadiwa tena, sawa, lakini mnadi asiseme kwamba Mungu anaangalia nani amepanda dau zaidi. Hilo mwambie kabla.

Mwinjilisti wa jirani akirudi na hoja yake, msomee Zaburi ya 51, inayofuata palepale. Mistari ya 16 na 17 inasema Mungu hapendezwi na dhabihu bali roho iliyovunjika, naye atafurahi kuisikia. Mwombe asome na miwili iliyobaki: kuta za Yerusalemu zikishajengwa, Mungu atapendezwa na dhabihu za haki, na ng'ombe watatolewa madhabahuni pake. Akiwa na Biblia ya Kiebrania mkumbushe kwamba kichwa cha zaburi ile kinahesabiwa kuwa mistari miwili, hivyo atayakuta maneno hayo kwenye mistari ya 18 hadi 21.